Thomas Midgley, Aliyeinyamazisha Injini

Fundi anayeijua kazi yake hakimbilii spana. Anakwambia uwashe gari, anafungua boneti, anainamisha kichwa na kutulia. Anachotafuta ni aina ya mlio. Kama ni tik-tik nyepesi kutoka juu ya injini, inayokwenda polepole kuliko mzunguko wenyewe wa injini, hiyo ni tapeti: nafasi imezidi, au oili haifiki juu. Kama ni dum-dum nzito kutoka chini, inayozidi ukikanyaga mafuta huku presha ya oili ikishuka, zima gari upesi. Hizo ni beringi za konrodi, na ukizubaa injini itanoki njiani. Halafu kuna mlio wa tatu. Huu unausikia gari likipanda mlima kwa gia ya nne, mguu umezama: kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo la bati. Ukiachia mafuta, unapotea. Mlio huu hauponi kwa oili ya aina yoyote, hata umimine nzito kama asali, kwa sababu hautokani na chuma kilicholegea. Unatokana na moto wenyewe.

Mtu aliyeuchunguza mlio huu wa tatu mpaka akaupatia dawa ni Mmarekani Thomas Midgley. Wengi wetu tumekutana naye kwa sentensi moja tu kwenye kozi za mazingira, kama yule jamaa aliyetia risasi kwenye petroli kisha akatuletea gesi zilizotoboa ozoni. Sentensi yenyewe ni ya kweli. Lakini inaruka jambo ambalo mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni kwamba huyu bwana alianza kazi yake vizuri sana.

Alizaliwa tarehe 18 Mei 1889 huko Beaver Falls, Pennsylvania, akakulia Columbus, Ohio. Baba yake alikuwa mvumbuzi wa mambo ya matairi, kwa hiyo nyumbani vyuma na majaribio vilikuwa maisha ya kawaida. Akaenda Chuo Kikuu cha Cornell, akatoka na digrii ya uhandisi wa mitambo mwaka 1911. Wenzangu wa uhandisi hapa mtatamba kidogo: mtu aliyekuja kuwa rais wa Chama cha Kemia cha Marekani hakuisomea kemia kama fani yake. Kemia aliyoitumia maisha yake yote aliichota mwenyewe, kazini, kitabu kwa kitabu.

Mwaka 1916 akaajiriwa Dayton, Ohio, kwenye maabara ya Charles Kettering. Kettering ndiye aliyeleta starta ya umeme kwenye Cadillac ya mwaka 1912, watu wakapumzika kuzungusha hendeli. Mfumo wake wa umeme wa betri uliwasha plagi pia, na hapo ndipo lawama zilipomwangukia. Injini za wakati ule zilikuwa zinagonga, na watu wakasema umeme wa Kettering ndio unaozigongesha. Zaidi ya hapo, Kettering alikuwa na biashara ya jenereta ndogo za kuwashia taa mashambani, ambazo zilitumia mafuta ya taa. Hizo ndizo zilizokuwa zinagonga balaa. Akampa kijana Midgley kazi: katafute huu mlio unatoka wapi.

Wengine walishajibu swali hilo kwa kubahatisha. Walidhani mchanganyiko wa hewa na mafuta unawaka mapema, kabla plagi haijatoa cheche. Midgley hakutaka kubahatisha. Akatengeneza kifaa chenye kioo kidogo kilichotikiswa na presha ya ndani ya silinda, mwanga ukaakisiwa, na presha ikawa inachora mstari ambao jicho linaweza kuufuata. Kumbe mambo yalikuwa kinyume. Cheche inatoka kwa wakati wake. Moto unaanza vizuri, unasambaa kutoka kwenye plagi kama moto wa nyasi unavyokwenda na upepo. Lakini ule mchanganyiko uliobaki pembeni kabisa, ambao moto haujaufikia, unabanwa na kupata joto mpaka unashindwa kusubiri. Unalipuka wote kwa mkupuo. Presha inapanda ghafla na kuzipiga kuta za silinda, na hiyo ndiyo sauti ya kokoto. Kwa hiyo umeme haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye mafuta.

Mtu aliyewahi kuandika ripoti ya maabara ataelewa uzito wa hatua hiyo. Wote walikuwa na masikio, na wote waliusikia mlio uleule. Yeye peke yake ndiye aliyejipa shida ya kuutazama.

Kilichofuata kinachekesha. Kettering na Midgley walikuwa wanalijua ua moja la porini ambalo huchanua mapema sana, theluji ikiwa bado ipo, na majani yake yana wekundu. Wakawaza: pengine rangi nyekundu hunyonya joto. Basi tukiyatia mafuta rangi nyekundu, huenda yakageuka mvuke vizuri zaidi na kuacha kugonga. Midgley akaenda stoo kutafuta rangi nyekundu, akakosa. Akapewa iodini badala yake, maana nayo inatia wekundu. Akaitia kwenye mafuta, injini ikanyamaza. Siku zilizofuata akatafuta rangi nyekundu za kweli, akazijaribu, hakuna hata moja iliyofanya kitu. Akajaribu kampaundi ya iodini isiyo na rangi kabisa, injini ikanyamaza tena. Yaani nadharia ilikuwa ya hovyo na matokeo yalikuwa ya dhahabu. Kitu kidogo sana, tone tu kwenye mafuta, kinaweza kubadili namna moto unavyokwenda.

Iodini ilikuwa ghali na inakula chuma. Miaka mitano iliyofuata ilikuwa ya kujaribu kila kitu kilichopo kwenye rafu. Anilini ilifanya kazi ila ilinuka. Seleni ilifanya kazi, na teluri ilifanya kazi kuliko zote mpaka hapo, ila teluri ina harufu ya kitunguu saumu inayoganda kwenye ngozi na nguo, usiosheka. Baadaye wakaacha kubahatisha, wakatandaza jedwali la elementi mezani na kuanza kuona mpangilio: ukishuka chini kwenye safu fulani, dawa inazidi nguvu. Wakashuka. Tarehe 9 Desemba 1921 wakajaribu tetraethili ya risasi kwenye injini ya maabara, na ule mlio ukakatika. Kipimo kilikuwa kidogo cha kushangaza, sehemu moja ya dawa kwa zaidi ya sehemu elfu moja za petroli.

Hapa sasa ndipo ilipo njia panda, na ningependa msomaji asimame kidogo. Midgley alikuwa na jibu lingine mkononi. Alijua, na alishaonyesha mwenyewe, kwamba ukichanganya pombe ya ethanoli na petroli injini haigongi. Ethanoli hutengenezwa kwa mahindi, kwa miwa, kwa kitu chochote kinachochacha. Bibi yeyote anayepika gongo kijijini anaweza kukutolea. Na tatizo lake lilikuwa hilohilo: hakuna anayeweza kuikatia hataza. Isitoshe inahitajika nyingi, si tone, na kampuni za mafuta zisingefurahia kuona sehemu kubwa ya tenki la mteja inajazwa na mkulima. Dawa ya risasi, kwa upande wake, ilikuwa ndogo, rahisi, na ina mwenyewe. General Motors, ambao maabara ya Dayton ilishakuwa chini yao, waliona hesabu hiyo upesi.

Kwamba risasi ni sumu haikuwa siri. Watu walijua tangu enzi za Warumi. Tetraethili yenyewe ilijulikana kwa wanakemia tangu karne ya 19, na sifa yake haikuwa nzuri, kwa sababu inapenya kwenye ngozi na kupanda kwenye ubongo. Lugha yetu inatumia neno moja kwa hiki chuma na kwa kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki, na kwa habari hii sioni haja ya kulibadili.

Petroli mpya ikauzwa kwa mara ya kwanza tarehe 2 Februari 1923, pale pale Dayton. Ikaitwa Ethyl, jina tamu kama la msichana, neno risasi halimo. Mwezi Mei mwaka uleule, kwenye mashindano ya maili 500 ya Indianapolis, magari matatu ya kwanza yote yalikuwa yanatumia Ethyl. Hakuna tangazo lingeweza kushinda hilo. Ila mapema mwaka huohuo Midgley mwenyewe alilazimika kuacha kazi na kwenda Florida kupumzika, kwa sababu mwili wake ulishajaa risasi. Alijua kilichomuumiza. Alirudi akaendelea.

Oktoba 1924 mambo yakaharibika hadharani. Kwenye kiwanda cha Bayway, New Jersey, kilichokuwa kinatengeneza dawa ile kwa kampuni ya Standard Oil, wafanyakazi walianza kuona vitu visivyokuwepo, kupiga kelele, kupambana na walinzi. Watano wakafa, makumi wakalazwa. Wengine walishakufa kimyakimya kwenye viwanda vya Dayton na Deepwater. Magazeti yakaiita gesi ya wendawazimu, na jiji la New York likapiga marufuku kuiuza. Tarehe 30 Oktoba Midgley akaitisha waandishi wa habari. Akamwaga dawa ile mikononi, akanawa nayo, kisha akashika chombo chini ya pua na kuvuta mvuke wake kwa dakika nzima, akisisitiza kwamba angeweza kufanya hivyo kila siku bila kudhurika. Haikuwa imepita hata miaka miwili tangu arudi kutoka Florida.

Nimejaribu kumtetea hapa nikashindwa. Mtu anaweza kukosea kuhusu jambo asilolijua. Huyu alilijua kwa mwili wake mwenyewe. Kile kipaji cha Dayton, cha kukataa maneno ya watu na kwenda kutazama ndani ya silinda, alikiweka kando siku ambayo kilihitajika kuliko siku zote.

Mei 1925 Serikali ya Marekani ikaitisha mkutano mjini Washington, na mauzo yakasimamishwa kwa muda. Daktari Alice Hamilton, mwanamke wa kwanza kufundisha Harvard na mtaalamu mkubwa wa sumu za viwandani, alisimama upande wa kupinga. Hoja yake na wenzake ilikuwa nyepesi kuielewa: wachache wanaokufa kiwandani tunawaona, lakini risasi itakayotoka kwenye bomba la moshi la kila gari itawafikia watu wote, polepole, na hakuna atakayeiona. Kamati ikaundwa. Ikapima watu zaidi ya 200, madereva na watu wa gereji, kwa miezi michache. Januari 1926 ikasema haioni sababu ya kupiga marufuku, ila ikaonya kwamba miaka mingi ya matumizi inaweza kuleta picha nyingine, hivyo Serikali iendelee kuchunguza. Mauzo yakarudi. Uchunguzi ule wa Serikali haukufanyika, na kwa miongo kadhaa utafiti mkubwa wa jambo hili ulilipiwa na wenye biashara yenyewe. Wenzangu mnaotafuta mfadhili wa tasnifu, soma tena sentensi hiyo.

Tuwe wa haki pia. Ukiuliza gari la michezo la zamani lilipata wapi nguvu yake, sehemu kubwa ya jibu ni hii dawa. Injini inatoa nguvu zaidi kadiri inavyoubana mchanganyiko kabla ya kuuwasha, lakini ukibana zaidi, inagonga. Enzi Midgley anaanza, magari mengi yalibana mara nne hivi tu. Miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, MGB ya Uingereza na Datsun 240Z ya Japani zilibana karibu mara tisa. Hiyo Datsun wazee wetu wanaikumbuka vizuri, maana ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973, ikipasua matope ya Afrika Mashariki. Petroli ya kubana hivyo ilikuwa na risasi. Hata namba za oktani unazoziona leo kwenye kituo cha mafuta zimetoka kwenye ukoo huo, kwani kipimo chenyewe kilibuniwa mwaka 1926 na Graham Edgar, mkemia wa kampuni ya Ethyl.

Baadaye Midgley akahamia kwenye majokofu, na humo nitapita haraka. Friji za miaka ya 1920 zilitumia gesi za kuua: amonia, dioksidi ya salfa, kloridi ya methili. Zikivuja usiku, familia haiamki. Kettering akamwomba atafute gesi salama, na ndani ya muda mfupi yeye na wenzake wakaipata ile tuliyoizoea kwa jina la Freon. Mwaka 1930 aliionyesha mbele ya wanakemia kwa kuivuta kifuani kisha kuzima mshumaa kwa pumzi yake. Safari hii onyesho lilikuwa la kweli, gesi haikuwa sumu wala haikuwaka. Madhara yake kwa tabaka la ozoni yalikuja kugunduliwa na Molina na Rowland mwaka 1974, na hakuna mtu wa mwaka 1930 aliyekuwa na njia ya kuyajua. Ndiyo maana mimi huwa sikubali watu wanapoyaweka mambo haya mawili kwenye kapu moja. La friji ni bahati mbaya. La petroli halikuwa bahati.

Nishani alipata nyingi, ikiwemo ya Priestley mwaka 1941, ambayo ni kubwa kuliko zote kwa wanakemia wa Marekani. Wakati anaipokea alishapooza miguu. Polio ilimpata mwaka 1940 akiwa na miaka 51. Akajibu kama mhandisi: akajitengenezea mtambo wa kamba na kapi wa kumwinua kutoka kitandani. Tarehe 2 Novemba 1944, nyumbani kwake Worthington, Ohio, alikutwa amenyongwa na kamba hizo. Alikuwa na miaka 55, na ndio kwanza alikuwa rais wa chama cha wanakemia.

Ile picha nyingine iliyotabiriwa na kamati ilikuja kupitia mtu ambaye hakuwa na habari na magari kabisa. Clair Patterson alikuwa anapima umri wa dunia kwa kutumia risasi iliyomo kwenye vimondo, akaupata mwaka 1956: miaka bilioni 4.55. Kazi yake ilisumbuliwa mno na risasi iliyokuwa imezagaa kila mahali, kwenye vumbi, kwenye maji, kwenye ngozi yake mwenyewe. Kama Midgley wa 1916, hakukubali kubahatisha. Akaenda kupima bahari na barafu ya Greenland, akakuta risasi imepanda sana katika zama za viwanda na magari. Mwaka 1965 akachapisha, na wenye biashara hawakumpenda. Kwa watoto ushahidi ukazidi kujilimbikiza, kwamba risasi kidogo tu kwenye damu inapunguza uwezo wa kujifunza, na ubongo ulioguswa haurudi.

Kwetu mwisho ulichelewa. Juni 2001 wawakilishi wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara walikubaliana Dakar kuiondoa petroli hiyo, na kufikia Januari 2006 ilishatoka vituoni. Kwa hiyo sehemu kubwa yetu tunaosoma chuo sasa hatujaivuta. Walimu wetu wameivuta, na wazazi wetu. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, Julai 2021, na tangazo la kwamba kazi imekwisha lilitolewa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Nairobi.

Magari ya zamani hayakufa kama ilivyohofiwa. Risasi ilikuwa inaacha utando mwembamba kwenye viti vya vali, na bila utando huo, viti laini vya chuma cha kusubu, kama vya MGB, huliwa polepole hasa ukikimbiza kwa muda mrefu. Dawa yake ni gereji: silinda hedi inashushwa, viti vigumu vinawekwa, mara moja tu. Ikigonga mlimani, unatia petroli ya oktani ya juu, unasafisha kaboni, unarudisha taimingi nyuma digrii chache. Na kwenye oili, anayemiliki gari kama hilo asishawishiwe na oili nyepesi za magari mapya. Injini hizo zina nafasi pana, zilizoea 20W-50, na tapeti zake hupenda oili yenye zinki ya kutosha. Ila akikutana na muuzaji aliyemimina oili nzito kupita kiasi ili beringi zisisikike, aondoke.

Risasi yenyewe haijaondoka yote. Ndege ndogo za injini za pistoni bado zinatumia petroli yenye tetraethili, na mafuta hayo hutiwa rangi ya bluu ili yasichanganywe na mengine. Ukipita kwenye kiwanja kidogo cha ndege ukaona mtu anajaza kimiminika cha bluu kwenye bawa, huyo anajaza dawa ya mwaka 1921.